Kwa Kaka Magesa, Aliyekwenda Kutafuta Mchuzi

Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa kijiji, Baba mdogo Masatu pamoja na wazee wa ukoo mliokaa upande wake, wakwe zetu mliotoka Butiama tangu alfajiri, wifi yangu Wakuru na mwanao Nyabwire, ndugu, majirani na marafiki: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mmenipa nafasi ya kusema neno la watoto wa marehemu mama kabla hatujamaliza matanga yake. Nimeliandika, kwa sababu mimi ni mwalimu na nimezoea kuiamini karatasi kuliko ulimi wangu. Lakini nilipokaa kuandika niliona kwamba maneno yote niliyokuwa nayo yalimhusu mtu mmoja ambaye hayupo kwenye mikeka hii. Basi nimemwandikia yeye, na ninaomba mniruhusu nimsomee mbele yenu. Naomba pia mtu asinikatishe. Nikikatishwa, najijua, sitaanza tena.

Mpendwa kaka Magesa,

Jana ukoo ulikaa kikao juu ya mkeo. Mama yetu amezikwa wiki mbili zilizopita, na Baba mdogo Masatu aliuliza swali ambalo mama, akiwa hai, hakuruhusu liulizwe ndani ya boma lake: mke wa mtoro ni mke wa nani? Alisema nyumba ile na shamba la mihogo ni mali ya ukoo. Alisema mwanamke hawezi kukalia ardhi ya mume aliyeikimbia kwa hiari yake, na kwamba matanga yakiisha wakwe zetu wampokee binti yao, warudi naye Butiama pamoja na mtoto. Sidhani kama alisema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeondoa jiwe njiani.

"Bado ana nguvu zake huyu," alisema. "Anayemngoja mlanguzi, anangoja nini?"

Baadhi ya watu walicheka, kile kicheko kifupi cha kumridhisha mzee. Wakuru alikuwa akigawa chai. Hakuruka kikombe cha mtu yeyote, hata cha Baba mdogo. Alimwekea sukari vijiko viwili, kama anavyopenda. Kikao kikaahirishwa hadi leo, nami nikarudi chumbani nikatafuta kalamu, kwa sababu katika watu wote waliokuwa pale, mmoja tu alijua kwamba wewe hukumkimbia mtu. Mtu huyo ni mimi.

Nikikukumbuka, kaka, kinachonijia kwanza ni lile jiwe, kabla hata ya sura yako. Ni lile jiwe refu la kwetu Kiriba, lililolala nusu nchi kavu na nusu majini, tuliloliita Mgongo wa Kiboko. Wenzetu walikuwa na mitumbwi. Baba hakuwahi kuwa na mtumbwi, na wewe hukuupata, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa ukingoni. Wenye mitumbwi walipita karibu wakipiga makasia na kutuuliza kama jiwe lile tumeshalioa au bado tunalichumbia. Wewe uliwajibu kwa sauti ya upole kwamba ubaya wa jiwe ni kuwa halivuji. Walikwenda mbali kabla ya kuelewa, na tuliwasikia wakicheka kutoka huko huko majini.

Baba alitufundisha kuvua kwa kujifunga. Mwisho wa uzi haukufungwa kwenye jiwe, kwa sababu jiwe hukata, wala kwenye kijiti, kwa sababu kijiti hung'oka. Ulifungwa kiunoni mwa mvuvi, na fundo likakaa nyuma, uti wa mgongo ulipo, mahali ambapo mikono yake mwenyewe inafika kwa shida. Na aliyefunga alikuwa ndugu wa tumbo moja. Mtu anayejifunga mwenyewe, alisema baba, samaki wakichelewa atajifungua mwenyewe akatafute pombe. Aliyefungwa na ndugu yake atangoja mpaka ndugu yake aridhike. Ndivyo walivyofanya wavuvi wote wa ukingoni katika rasi yetu. Nilipokuwa na miaka saba nilijua kufunga fundo lile kabla sijajua kuandika jina langu.

Enzi hizo uzi ulikuwa wa pamba. Samaki walikuwa ningu, gogogo, sato wa kukaa kwenye sahani moja, na furu wadogo wasio na idadi. Hakukuwa na samaki ukingoni aliyeweza kumyumbisha mtu mzima, na kama angekuwepo, uzi ungekatika kabla ya mtu kupiga hatua. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikalielewa hilo. Desturi yetu ilikuwa salama kwa sababu ya udhaifu wa uzi, nasi tulidhani ni salama kwa sababu ya hekima ya baba.

Msimu wetu ulikuwa mwanzo wa masika. Vijito viliposhusha maji ya kwanza yenye matope, samaki walisogea karibu kutafuta chakula, nasi tulisogea karibu kuwatafuta wao. Lakini anga la mwezi wa tatu halikuwa na adabu. Asubuhi jua, saa nne upepo kutoka ziwani, mvua ya mawe kwa robo saa, kisha jua tena, kana kwamba hakuna aliyetukosea. Ulikuwa ukisema mwezi wa tatu ni shangazi yetu hasa: ukimwona anakuja hujui kama amekuja kusalimia au kugomba. Baba alipofariki ulilirithi jiwe na mimi nikabaki mfungaji wako. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulinigeuzia mgongo pale juu, ukangoja, na mimi nikafunga.

Ikaja miaka ya foleni. Duka la kijiji lilibaki na rafu na karani. Tulifulia majani ya mpapai, tukanywa uji bila sukari na kujisifu kwamba ndiyo afya, na nyuzi za kuvulia na ndoano zikawa vitu vya kunong'onwa hata Mwigobero sokoni, ambako zamani zilining'inia kama shanga. Uzi wetu wa mwisho wa pamba ulioza. Ulikuwa ukiuunga kila siku, na kila siku ulizidi kuwa mfupi.

Mimi ndiye niliyeleta uzi mwingine.

Nilikuwa kidato cha pili, nikikaa Manyamanyama kwa shangazi. Pale Bunda kulikuwa na Fundi Juma, mshona makatambuga, aliyechuna matairi ya malori ili apate mpira wa kukatia soli. Ndani ya tairi zilikuwamo nyuzi nyeusi ambazo yeye alizitupa. Nilimpelekea kikapu cha dagaa kutoka nyumbani, naye akanipa furushi lote. Alinitazama nikijaribu kuukata mmoja kwa meno.

"Jino ndilo litakalokatika, binti," alisema. "Ukiuchoka uzi huu, uchome moto. Hauna dawa nyingine."

Nilizisokota nyuzi tatu tatu juu ya paja kwa wiki nzima, mpaka ngozi ikachubuka, nikafika nao Kiriba likizo fupi ya Pasaka. Uliupokea, ukaufunga kwenye mzizi wa mti, ukaegemea nyuma kwa uzito wako wote. Haukulia hata kidogo. Ukanigeukia.

"Mdogo wangu, hii si kamba. Hii ni serikali."

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilijiona mkubwa siku ile. Nilijiona nimeiokoa nyumba.

Siku kumi kabla ya hapo Wakuru alikuwa amejifungua. Sihitaji kukukumbusha jinsi ulivyokuwa ukimtania, binti wa Butiama aliyeliogopa ziwa. Uliwaambia watu kwamba mkeo anaogopa hata maji ya karai, na kwamba kwao wanadhani sato ana kwato. Naye alikujibu kwamba kwao watu husimama juu ya ardhi isiyotikisika, na kwamba atamfundisha mwanao kuchunga mbuzi. Lakini maziwa hayakumtoka vizuri. Mtoto alilia kwa sauti ndogo iliyokauka, na mkunga akasema mama anahitaji mchuzi wa samaki, mwingi, wa siku kadhaa.

Na samaki hawakuwepo. Furu walikuwa wamekwisha. Samaki mgeni, sangara, alikuwa amewala, kisha akaanza kusogea ukingoni alikokuwa hajazoeleka. Wazee walimchukia. Walisema ana mafuta ya kupita kiasi, haanikiki juani, anaozea mikononi. Tulikuwa tumesikia kwamba huwa mkubwa, kwamba amepasua nyavu za watu. Kusikia hivyo hakukutufanya tubadili chochote. Ulifua ndoano kwa spoku ya baiskeli, ukaninong'oneza mpango wako kama mtoto anayekwenda kuiba maembe.

"Nitamletea kichwa kimoja tu. Atakunywaga mchuzi mpaka mtoto aote kitambi."

Asubuhi ile Wakuru alikuwa amelala na mtoto kifuani. Hukumuaga, na najua kwamba hilo limemtesa miaka hii tisa kuliko lolote alilowahi kuambiwa na watu. Hakujua kwamba ulisimama mlangoni. Ulisimama muda mrefu kiasi kwamba kopo la chambo lilianza kuniuma mkono. Ukawatazama wote wawili, kisha ukageuka ukaniwekea kidole mdomoni, nisiwaamshe.

Juu ya jiwe ulinigeuzia mgongo kama kawaida. Anga lilikuwa safi kabisa.

"Funga kama mtu aliyesoma," ulisema.

Nikafunga mara mbili, kama baba alivyotufundisha. Halafu nikafunga mara ya tatu, kwa kujionyesha tu.

Tulikaa. Uliniuliza habari za shule, ukataka nikuambie neno la Kiingereza la ningu, nami sikulijua, ukasema basi hiyo shule inafundisha nini. Saa nne upepo ukageuka. Ziwa likawa jeusi kutoka mbali likija kwetu, na matone ya kwanza, yale mazito, yakaanza kulia juu ya jiwe moja moja. Ukakumbuka mihogo ya mama iliyoanikwa kwenye mwamba nyuma ya nyumba.

"Nenda ukaianue. Ikiloa hii, tutakula nini?"

Nikakuuliza kama nikufungue kwanza.

"Acha bwana. Ukinifungua, nani atanifunga tena? Mvua hii ni ya kupita."

Nilikimbia. Nilikuwa nimefika kwenye mihogo, nimeinama na ungo mikononi, nilipotazama chini ziwani. Ulikuwa umesimama umeegemea nyuma, visigino vimekita juu ya jiwe, kama mtu anayemvuta ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Mwanzoni nilifurahi. Nasema mbele ya watu wote hawa kwamba nilifurahi; nilidhani mchuzi umepatikana. Kisha nikaona mikono yako. Hukuwa umeshika uzi. Mikono yako yote miwili ilikuwa nyuma ya mgongo, inatafuta. Uliteleza hatua moja mbele, ukakita tena, na mikono ikaendelea kutafuta. Mvua ikashuka katikati yetu kama pazia, na sikuona tena.

Sikupiga kelele. Ningepiga, wenye mitumbwi wangesikia, au hawangesikia kwa mvua ile. Nimelipima jambo hilo mara nyingi kuliko sala zangu. Nilisimama na ungo mpaka mihogo yote ikaloa. Mvua ilipita kama ulivyosema. Jua likatoka. Nilipofika chini jiwe lilikuwa linafuka mvuke, na maji yalikuwa yametulia, na ndala yako moja ilikuwa imekwama kwenye ufa. Niliichukua nikaitupa mbali majini. Hadi leo sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani sikujua ningeibebaje kwenda nayo nyumbani.

Mama aliponiuliza nilisema nilikuacha mzima. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo jibu la uongo kuliko yote niliyowahi kutoa. Wanaume walikutafuta ukingoni siku mbili bila kuona kitu. Siku ya tatu wakaja mgambo. Walikuwa wanasaka walanguzi kila kijiji, na kuna mtu alikuwa amewaambia juu ya miche miwili ya sabuni uliyoipata Mwigobero kwa ajili ya kuoshea nguo za mtoto. Hawakukukuta, wakauliza umekwenda wapi. Ndipo jirani mmoja akasema aliona mtumbwi ukielekea kaskazini, upande wa Kenya, na mtu amejikunyata ndani yake. Labda aliona kweli. Watu wengi walikuwa wakielekea kaskazini siku zile.

Mama aliikamata habari ile kama mtu anayezama. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alinishika goti akasema, "Mwanangu yuko hai, hata kama ni mhalifu." Na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na tano na mafundo matatu mikononi, nikaona kwamba kaka aliyetoroka anamfaa kila mtu kuliko kaka aliyefungwa na dada yake. Mama alipata mtoto aliye hai. Mgambo walipata mlanguzi. Mimi nilipata kunyamaza. Aliyetulipia sisi sote alikuwa ndani, na mtoto wa siku kumi na tatu, akisikiliza kupitia ukuta kwamba mumewe amemkimbia.

Lakini sikuwa peke yangu katika kunyamaza, kaka, na hili nalisema kwa heshima yote kwa wazee waliopo. Wiki ile ile wavuvi wa ukingoni waliacha kujifunga. Hapakuwa na mkutano wala amri. Mmoja alianza kuufunga uzi wake kwenye gogo, mwingine akaushika mkononi, na kabla masika haijaisha hapakuwa na kiuno hata kimoja chenye uzi kutoka kwetu hadi mwisho wa rasi. Sikuwauliza kwa nini waliiacha desturi ya baba zao. Nao hawakuniuliza mimi.

Mama alikaa miaka yote tisa akimsimamisha kila aliyerudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Alimuuliza kama amemwona mtu mrefu, mwenye pengo la jino la juu, anayependa utani. Wengine, kwa huruma, walisema labda wamemwona. Siku aliyofariki nilikuwa nimemshika mkono. Alisema ukija tukuambie chakula kipo. Nilikuwa na nafasi hata pale. Nilimwambia, "Tutamwambia, mama."

Sura yako nimeanza kuisahau, lakini mgongo wako naukumbuka kwa kila mfupa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ikipiga bati la darasa langu kule Manyamanyama, vidole vyangu hujikunja vyenyewe, chaki ikavunjika. Wanafunzi wameshazoea, wanadhani mwalimu wao anaogopa radi. Nikisafiri kuja Musoma hushuka Mwigobero kabla sijakwenda popote, nikasimama wanapopasuliwa sangara wakubwa, wale wa kubebwa na watu wawili. Wauzaji wananijua. Hunitania kwamba mwalimu anakagua samaki kama daftari na hanunui hata siku moja. Hawajui ninatafuta nini ndani ya vinywa na matumbo yale. Natafuta uzi mweusi uliosokotwa tatu tatu. Naogopa siku nitakayouona, na kila nikiukosa naondoka kama mtu aliyenyimwa barua. Sangara mwenyewe sijawahi kumweka mdomoni. Mchungaji alidhani ni nadhiri, nikamwacha adhani hivyo.

Na dunia imegeuka, kaka. Sabuni ile uliyoitiwa mlanguzi imejaa madukani, ya rangi zote, na anayeileta kutoka Kenya leo anaitwa mfanyabiashara na kupewa kiti cha mbele kanisani. Baba mdogo mwenyewe ana banda la sabuni Mwigobero, na hakuna aliyemfuata na bunduki. Sangara amekuwa mali. Malori yenye barafu yanampeleka viwandani, minofu inapanda ndege, na sisi tunaachiwa mifupa. Vichwa vinauzwa kwa marundo kandokando ya barabara. Siku moja nilihesabu vichwa hivyo mpaka nikapoteza hesabu. Wewe ulikwenda kutafuta kimoja.

Wakuru amekaa hatua nne kutoka niliposimama. Sijui atanitazamaje akishasikia yote haya. Ana haki ya kunichukia, na akiitumia haki hiyo nitaipokea bila kujitetea. Lakini ni lazima aisikie hii kwanza, mbele ya wale wale waliocheka jana: mume wake hakumwacha. Mume wake alikufa akimtafutia mchuzi, na neno lake la mwisho lililomhusu lilikuwa utani wa furaha. Na Nyabwire aisikie. Mwanangu, baba yako hakuwa mlanguzi wala mtoro. Alikuwa mvuvi wa ukingoni, na alikutazama muda mrefu sana kabla ya kuondoka.

Baba alitufundisha jambo moja zaidi, na najua unalikumbuka. Kifo ni cha aliyekiona. Yeye ndiye anayekitangaza, kwa kusimama, mbele ya ukoo. Na kikishatangazwa hakuna anayerudi kwake, wala shauri lolote la mali linalofunguliwa, mpaka moto wa msiba uwashwe na kaburi lichimbwe. Na aliyechukuliwa na maji, asipopatikana, huzikwa kwa tunda la mvungunya lililoviringishwa ndani ya nguo yake, ili asimame katika hesabu ya wafu wa nyumba yake na mkewe ahesabiwe mjane wa nyumba hiyo. Nilimweleza Mchungaji jambo hili leo asubuhi. Alisema Mungu anajua kila mfupa ulipo, na kwamba ataomba.

Kwa hiyo, kaka, sisomi ombi. Ninasimama mimi, mtoto pekee aliyebaki katika nyumba ya mama yetu, na ninatangaza mbele ya wote niliowataja mwanzoni kwa vyeo vyao: Magesa amefariki. Alifariki mwanzo wa masika, mwaka ule wa shida, juu ya jiwe la kwetu, mchana, akiwa na mke na mtoto anaowapenda. Nilimwona. Shauri la jana limefungwa, kwa kuwa hakuna mke wa mtoro katika ukoo huu. Kuna mjane, na nyumba yake, na shamba lake, na binti yake.

Vijana wa mjomba watakwenda sasa kwenye mvungunya wa mtoni. Kaburi litachimbwa kulia kwa baba. Shati lako Wakuru analo, amelitunza. Na moto wa msiba wa marehemu ambaye baba yake hayupo huwashwa na mdogo wa baba yake. Kwa hiyo ni Baba mdogo Masatu atakayeinuka kwanza, na sisi wengine tutainuka baada yake.

Nenda salama, kaka yangu. Nimechelewa kukuaga.

Mdogo wako wa tumbo moja.